Samaki aliyekwisha kukauka: je, mtu wa miaka 48 anaweza kuianza kazi yake upya?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 48, msaidizi wa kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja ya Serikali iliyohamia hapa Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017. Nina miaka 23 ya kufanya kazi na majalada ya karatasi, na mtu akiulizia barua ya mwaka juzi ninaitoa kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Sasa tumeingia katika mfumo wa majalada ya kielektroniki. Tulipewa semina ya siku mbili, nikatoka sijashika kitu. Kijana wa TEHAMA, ambaye ni rika la mwanangu wa kwanza, nikimwita ananipokonya kipanya, anabonyeza mara tano, anasema "tayari mama" na kuondoka, nami naona aibu kumwita tena. Nyumbani sijambo, watoto wamekua, na nina zabibu zangu robo eka kule Hombolo, jirani ndiye aliyenionyesha kuzilima. Wenzangu wengine wananihimiza nijiunge na stashahada, wengine wanasema nivumilie tu hadi nistaafu. Je, kichwa cha umri huu bado kinashika? Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Na je, nimwambie mkuu wangu wa kitengo kwamba sijui, au ninyamaze?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sentensi iliyonisimamisha si ile ya mfumo bali ile ya zabibu, ambayo umeiandika kwa kupita tu kana kwamba haina uhusiano na swali lako. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya jibu. Ulifika Dodoma ukiwa na miaka arobaini hivi, umetoka pwani ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuuona mzabibu, na leo unajua kuchagua pingili za kupanda, kusimika nguzo na kuvuta nyaya, kulea shina hadi lifike wayani, kumwagilia wakati wa kiangazi katika mkoa ambao mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na kuutambua ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kabla haujaharibu vichala. Zaidi ya hayo unajua kupogoa, kazi isiyofundishika kwa maneno matupu, kwa sababu mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika matawi yaliyokomaa ya msimu uliopita, na mwenye mkasi lazima ajue abakize macho mangapi, yaani vile vinundu vinavyochipua, katika kila tawi: akikata mno anapunguza mavuno, akikata kwa huruma anapata kichaka cha majani. Ujuzi huo hukuja nao kutoka Dar es Salaam. Uliupata hapa, katika umri uleule unaouogopa.

Tuulize basi kwa nini zabibu ziliingia kichwani na mfumo ukakataa. Jirani yako alikukabidhi mkasi mkononi mwako, akasimama pembeni. Ulikosea kwenye mzabibu wako mwenyewe, na kosa hilo halikuonwa na mtu zaidi yako na yeye. Kazi ileile ikarudi msimu uliofuata, na uliofuata tena, ukaona kwa macho yako matokeo ya ulivyokata. Semina ya siku mbili haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo: mtu mmoja alizungumza mbele, picha zikapita ukutani, ukakaa na wenzako wanaokujua kuwa ndiye bingwa wa masjala, na swali lolote ambalo ungeuliza lingewatangazia wote kwamba bingwa hajui. Nimefundisha watu wazima kwa zaidi ya miaka thelathini, na nathubutu kusema kwamba mara nyingi mtu mzima anaposema "kichwa changu hakishiki", kinachomlemea si kichwa bali ni uchungu wa kuwa mwanagenzi mbele ya watu waliozoea kumwona fundi.

Kuhusu ile methali, tuitendee haki. Samaki mkunje angali mbichi ni usemi wa malezi. Unamwonya mzazi asingoje mtoto akomae katika tabia mbaya ndipo aanze kumrudi. Haukutungwa kuhusu elimu, na aliyeuhamishia kwenye elimu ya watu wazima alitufanyia hasara kubwa, kwa sababu umekuwa kisingizio kinachokubalika mbele ya kila mtu, na atakayekupinga huonekana anawapinga wazee.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba umri haubadilishi kitu. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alieleza mwaka 1963 kwamba akili ya mtu ina namna mbili za uwezo: ule wa kukabili jambo geni kwa haraka, ambao huanza kushuka mapema katika utu uzima, na ule unaotokana na maarifa na uzoefu uliolimbikizwa, ambao hudumu na kuendelea kukua kwa muda mrefu. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine, wakitumia majibu ya maelfu ya watu wa rika mbalimbali, walionyesha kwamba hakuna umri mmoja ambao akili yote hufikia kilele chake. Kasi ya kuchakata mambo hufika kileleni karibu na miaka 18 au 19, ilhali msamiati huendelea kupanda hadi miaka ya sitini. Maana yake kwako ni hii: usishindane na kijana wa TEHAMA kwa kasi ya vidole, maana atakushinda leo na kesho. Lakini uwezo wa kuitazama barua na kujua mara moja inahusu nini, itatafutwa na nani na ikae wapi, huo ni wako, na umri unauongezea thamani.

Wapo pia wanaodhani kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama udongo uliokwisha kuchomwa tanuruni. Madereva wa teksi wa London hulazimika kufaulu mtihani wa kukariri mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu au minne hivi, na wanaoifanya ni watu wazima. Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva hao na mwaka 2000 wakachapisha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Wakosoaji wakauliza, pengine wenye hipokampasi kubwa ndio wanaoichagua kazi hiyo? Kwa hiyo Maguire na mwenzake Katherine Woollett wakawafuatilia wanafunzi 79 tangu walipoanza mafunzo, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kwamba 39 waliofaulu ndio ambao eneo hilo liliongezeka, walioshindwa halikuongezeka. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu ni la kweli pande zote mbili: ubongo wa mtu mzima hubadilika, lakini hubadilika kwa kazi, na kujiandikisha tu hakutoshi. Kijana wa bodaboda anayekutoa Majengo hadi Nkuhungu kwa vichochoro usivyovijua asingeshangazwa na utafiti huo.

Kabla sijaendelea, naomba nikuulize jambo linaloweza kuonekana dogo: unaiona vizuri skrini? Kuanzia miaka arobaini na kidogo, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake na maandishi ya karibu huanza kufifia. Hali hiyo huwapata takriban watu wote. Jalada la karatasi unaweza kulisogeza mbali na uso, ukalipeleka dirishani penye mwanga. Skrini haisogei hivyo. Nimewahi kuwa na wanafunzi waliokaa muhula mzima wakidhani wamekuwa wazito wa kuelewa, kumbe walikuwa wanatumia nguvu zao zote kusoma herufi, nguvu ya kufikiri ikawa haijabaki. Pima macho, na kama miwani ya kusomea inahitajika, inunue kabla ya kulipia kozi yoyote. Pia mwombe huyo kijana akuzie maandishi. Ni kazi ya nusu dakika.

Sasa turudi kwenye aibu, maana hapo ndipo penye mzizi. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilipangiwa darasa la kisomo katika kijiji kimoja upande wa Bahi. Unakumbuka au ulihadithiwa kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba nchi ambayo katika sensa ya mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima wake hawakujua kusoma, ilifikia mwaka 1986 ikiwa na chini ya asilimia kumi kwa vipimo vya Serikali. Mafanikio hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kupitia pamba, mfugaji kupitia ng'ombe. Mimi vitabu hivyo viliniishia, na kwa uvivu wa ujana nikachukua vya watoto wa darasa la kwanza. Wanafunzi wakaanza kupungua mmoja mmoja. Nilipomfuata mzee mmoja nyumbani kwake kumuuliza kulikoni, alinijibu hivi: "Mwalimu, nimemzika baba yangu, nimewaoza mabinti wanne, na leo unataka niimbe a-e-i-o-u mbele ya mkwe wangu?"

Mzee yule hakuziogopa herufi, aliogopa mkwe. Nilipotambua hivyo nilibadili mambo mawili: nikapanga saa ambazo wakwe hawakukutana darasani, na nikaacha vitabu vya watoto tukawa tunasoma stakabadhi za mnada wa ng'ombe, ambazo kila mmoja alikuwa nazo mfukoni na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka kuzielewa. Yule mzee akarudi. Nimetumia kanuni hiyo tangu wakati huo, nami naitumia kwako: ipunguzie aibu nafasi, na ufundishwe kwa vitu vyako mwenyewe.

Tuanze na kijana. Simwoni kuwa mkorofi. Anakuita mama, na kwa adabu ya kwetu kijana hamwambii mama yake "hapo umekosea". Kwa hiyo njia rahisi kwake ni kukufanyia kazi kisha aondoke, akidhani amekuheshimu. Wewe ndiye unayeweza kulifungua hilo. Mwite saa ambayo masjala imetulia, umwambie waziwazi: mwanangu, leo kipanya nitakishika mimi, wewe tumia mdomo tu, na nikikosea niambie bila kuogopa. Sharti la kutogusa kipanya usililegeze, hata akichoka. Kisha mlipe kwa kile ulicho nacho. Namjua kijana wa aina hiyo: anaujua mfumo lakini hajui kwa nini dokezo sabili, ule ujumbe mfupi wa ndani ya ofisi, halipotei likiwekwa mahali pake, wala kwa nini suala moja likifunguliwa majalada mawili litaisumbua ofisi kwa miaka kumi. Mkifundishana, wewe hutakuwa tena mwombaji, naye hatakuwa tena mhudumu wako.

Chagua kazi moja tu, ile inayojirudia kila siku, kwa mfano kusajili barua iliyoingia: kuiskani, kuichagulia jalada, kuipa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya jalada, na kuielekeza kwa afisa anayehusika. Ukionyeshwa, usikimbilie kuusoma mwongozo tena na tena. Funga kila kitu, chukua daftari, uandike hatua zote kwa kichwa, hata kama utakwama katika hatua ya tatu. Ndipo ufungue mwongozo kujisahihisha. Sababu yake imepimwa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo wanafunzi walisoma kifungu, kisha kundi moja likakirudia kukisoma na jingine likaandika kinachokumbukwa bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kichwa walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Na katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba wameshika. Hivyo ile hali ya kukwama, ambayo wewe umeichukua kuwa dalili ya kichwa kibovu, ndiyo hasa kazi ya kujifunza ikifanyika.

Rudia zoezi hilo kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio mengi ya siku moja. Kwa hiyo semina ya siku mbili isiyo na ufuatiliaji ingemtoa mikono mitupu hata kijana wa miaka 25. Ukitaka liwe zoea, lifungamanishe na jambo unalolifanya tayari, kwa mfano mara tu baada ya kikombe cha chai ya asubuhi. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walijaribu kujijengea zoea jipya. Muda wa kati uliohitajika ulikuwa siku 66 hivi, lakini wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 18 na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Usikate tamaa mwezi wa kwanza.

Hukuuliza waziwazi, lakini naisikia hofu nyingine chini ya barua yako: kwamba ukiukubali mfumo, miaka 23 itakuwa imekwenda bure. Haitakwenda bure, na hapa sikufariji. Jalada la kielektroniki bado ni jalada. Lina namba ya rejea, lina mada, lina mpangilio wa folio, lina masharti ya nani aone nini, sawasawa na tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri uliyoilinda miaka yote. Kompyuta itaitafuta barua kwa neno utakaloliandika, lakini ikiwa aliyeisajili aliipa kichwa cha habari kama "Barua" au "Taarifa muhimu", mashine hiyo yenye kasi haitaiona kamwe, au italeta mia tatu za jina hilo. Anayejua kuipa barua jina ambalo mtu ataitafuta kwalo miaka mitano baadaye ni wewe. Kilichobadilika ni mkono. Kanuni za masjala zimebaki zilezile. Kuna kitu kimoja utakachokipoteza kweli, nacho ni fahari ya kuitoa barua kabla mtu hajakaa. Kisikitikie, maana ni halali yako, lakini usikiache kikuzuie mlangoni.

Kuhusu stashahada, ushauri wangu ni usubiri kidogo, na sababu yangu si umri. Nimewaona watu wazima wengi wakikimbilia cheti kwa sababu cheti kinaonekana kuiponya aibu, wakalipa ada, na meza yao ya kazi ikabaki na tatizo lilelile. Imiliki meza yako kwanza kwa miezi mitatu hivi. Baada ya hapo, ikiwa hamu bado ipo, njia zipo. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na kina tawi hapo jirani Singida. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa Dodoma, na mtu husoma akiwa kazini. Ikiwa ufaulu wako wa kidato cha nne ndio kikwazo, unaweza kurudia masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea chini ya Baraza la Mitihani. Katika yote hayo, wewe ni mtumishi wa umma; pitia kwa Afisa Utumishi upate ruhusa ya mwajiri kabla hujalipa hata shilingi moja.

Wale wanaokuambia uvumilie hadi kustaafu waulize kama wamepiga hesabu. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Wanakuambia uishi kwa kujificha kwa miaka saba, pengine kumi na miwili, katika ofisi ambayo karatasi zake zinapungua kila mwezi.

Swali lako la mwisho, kama umwambie mkuu wa kitengo: mwambie, tena umwambie kabla hajagundua mwenyewe kwa barua iliyopotea. Lakini usiende kukiri kama mkosaji. Mwandikie dokezo sabili fupi, ueleze kwamba semina ilikuwa ya siku mbili na haikuwa na mazoezi, uombe saa moja mara mbili kwa wiki pamoja na kijana wa TEHAMA kwa miezi miwili, na ujitolee, katika muda huohuo, kuandaa orodha ya vichwa vya majalada ili ofisi nzima isajili barua kwa namna moja. Liandike kwanza kwa mkono kama ulivyozoea. Kisha mwite kijana, ukae kwenye kiti chako, ukishike kipanya, na dokezo hilo ulipitishe kwenye mfumo.